Dada wa Machibya

Igogo, Mwanza

Kwako Odeta,

Nilizoea kuanza na "wifi yangu". Utaniwia radhi nikiacha.

Natumaini ulivuka salama kwa kivuko cha Kamanga na wazazi wako hawajambo. Mchicha ulioupanda nyuma ya nyumba umestawi, tunauchuma kila siku.

Jana nilimsindikiza mama kwenye kile kiwanda cha samaki mlichofanyia kazi, kufuatilia mafao ya marehemu Machibya. Karani akasema yanakwenda kwa mke na watoto, na wasipokuwepo, kwa mzazi. Kisha akatoa fomu yako ya ajira. Kiwanda hakiajiri mume na mke pamoja, kwa hiyo uliandika kwa mkono wako: "Odeta, dada wa Machibya."

Akamuuliza mama kama mwanawe aliwahi kuoa. Hati ya ndoa hamkuchukua, lakini ng'ombe wa mahari yako mama aliwachagua mwenyewe zizini, mmoja mmoja.

Mama akajibu, "Hapana, baba. Aliishi na dada yake tu."

Mimi nikatia sahihi kama shahidi.

Usihangaike kurudi. Pole sana kwa kufiwa na kaka.

Dada yako,
Dorcas