Nusu ya Kidonge kwa Baba Yako

Bamiza mlango utakavyo, binti yangu, jibu ni lilelile. Ndiyo, vidonge vyangu vya sonona nilikuwa navikata kwa kisu cha mkate, nusu nampa baba yako, namdanganya ni vitamini. Tangu tuhamie nchi hii anashinda dirishani amevaa koti kama msafiri, na habari za daktari hataki kuzisikia. Uliposema asubuhi, “Mama, unagawa dawa kama pipi, ndiyo maana hamponi,” iliniuma kwa kuwa ni kweli. Miezi minne tuko palepale, na sitegemei tena kupona.

Mchukue mdogo wako shuleni saa nane. Chakula kipo jikoni, pasha. Tutarudi ~~na nafuu~~ jioni.

Nimemwambia baba yako ukweli. Amevaa viatu. Natoka naye kwenda kliniki kabla hajavivua.

Mama