Ndulu na Siku za Bandeji

Kitengela,
Kajiado.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kalunde,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Joto la Doha likoje, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Baridi imeingia, na vumbi nalo halijatuacha.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nyumba yetu ni chumba kimoja, na Ndulu husikia kila neno. Kuna mambo siwezi kuyasema binti yangu akiwa hapo, naye hakosi kuwa hapo. Jirani yetu Rebecca anarudi kazini huko wiki ijayo, ndiye atakayekuletea.

Nilikuambia kwamba Ndulu aliungua na chai, nikaishia hapo. Alivuta kitambaa cha meza, thamosi ikammwagikia pajani mpaka gotini. Alilazwa, akatoka, tukaambiwa tuwe tunampeleka zahanati ya hapa karibu kila baada ya siku moja, abadilishwe bandeji.

Kalunde, kuungua kulikuwa kwa dakika moja. Bandeji ndiyo haiishi. Inashikana na kidonda, na kuitoa ni kama kumchuna mtoto akiwa hai. Baba yake alikuja mara ya kwanza, akatoka nje, akashindwa kurudi ndani. Siku hizi Mulinge yuko machimboni Kiserian wiki nzima, kwa hivyo ni mimi. Nilikuwa namlalia kifuani na kumkandamiza mikono wakimfungua. Anapiga mayowe akiniita nimwokoe, na ni mimi niliyemshika.

Nikimwacha nyumbani, kidonda kinaoza. Nikimpeleka, namtesa kwa mikono yangu. Sikuona mlango wa kutokea. Tukikaribia tu kituo cha petroli kilicho kando ya zahanati anajua tunakoenda, anaanza kutetemeka mgongoni mwangu. Akakataa nimwogeshe, akakataa hata nimlishe, kila saa yuko kwa Rebecca. "Wewe ndio unanishikanga," aliniambia. Ana miaka mitano.

Kisha akaja muuguzi mpya, Soipan, binti wa Ewuaso Kedong. Alitukuta tukianza vilevile, akasimamisha kazi.

"Mama Ndulu, hebu mwachilie. Mtoto akilazwa chali hivyo anaona amekamatwa. Mpakate, mgongo wake kwa kifua chako."

Alimpa dawa ya maumivu, tukangoja ifanye kazi, naye akailowesha bandeji mpaka ikalegea. Halafu akaleta kikombe cha maji ya sabuni na kipande cha mrija.

"Ndulu, puliza polepole. Ukipuliza kwa nguvu povu litapasuka. Nataka povu kubwa kama kichwa cha mama."

Siku hiyo Ndulu alikitupa kikombe, sabuni ikaturukia sote. Nililia. Soipan alipangusa sakafu, akasema tu, "Si kitu. Amekasirika, na ako na haki."

Safari iliyofuata alikubali kushika mrija. Alipoumia akapiga kelele, na Soipan akainua mikono juu, vidole wazi. "Nimewacha. Ukiwa tayari, niambie." Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumngoja. Ndulu akavuta pumzi, akapuliza, povu likapanda likinitafuta, likatua puani mwangu na kupasuka. Alicheka, Kalunde. Bandeji ikiwa nusu imetoka, alicheka. Kisha akamwambia Soipan, "Endelea."

Usidhani yameisha. Kile kipande cha mwisho bado kinamliza, na kuna siku hakuna povu linalosaidia. Lakini simkandamizi tena. Na Jumamosi alikuja akiburuta beseni mwenyewe. "Mama, niogeshe. Lakini mguu usiguse." Nilimwogesha kila mahali, mguu sikuugusa.

Sasa daktari anasema penye goti hapafungi, itabidi apandikizwe ngozi. Ni hospitali nyingine, wauguzi wengine, na huenda wakaniambia nibaki nje. Soipan hatakuwepo. Nalibeba hilo nikipika, nikifua, nikiomba, na sina pa kulitua.

Ndiyo maana nakuandikia. Ndulu anaipenda sauti yako. Mrekodie hadithi kwenye simu, aisikilize huko wakimfungua bandeji, ndefu kadiri utakavyoweza, iwe na wanyama na vyakula na watu wakorofi. Ukifika mahali patamu, punguza mwendo. Na tafadhali, isiwe na hospitali ndani yake.

Mama hajambo, anauliza kila siku utakuja lini. Mulinge anakusalimu. Nisalimie binamu yetu Ndambuki, mwambie asiache kwenda ibada.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde utokapo na uingiapo.

Wako akupendaye,
dada yako,
Mwelu