Kitambaa Nilichofunika Kisanduku cha Mwanga

Kiogoro,
Kisii.
14 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo Duke, pamoja na mke mwenzangu Mghoi,

Hamjambo huko Finland? Mtoto ananyonya vizuri? Mghoi, mgongo umepoa tangu ujifungue? Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limekataa mteremko wa mtoni. Mvua ipo. Ng'ombe amezaa dume, na hatukumwomba dume.

Anayeandika ni shangazi yako Nyaboke, maana mimi kalamu sikufundishwa. Nimemwonya asilainishe neno; akimaliza atanisomea, na nitajua. Nimetaka iwe kwa Kiswahili ili Mghoi aisome mwenyewe. Wewe Duke ukimtafsiria maneno yangu unayatia sukari.

Sasa nimekasirika, na nitasema.

Sabato ile ya tarehe thelathini Agosti watu walitoka kanisani Nyanchwa wakaja moja kwa moja hapa kusikia nikimpa mtoto jina. Chakula tulikuwa tumepika tangu Ijumaa. Saa nane ukatokea kwenye televisheni umempakata. Nikasimama. Nikamtazama usoni, nikafungua mdomo nimwite, na picha ikaganda: wewe umefumba jicho moja, mtoto anaonekana miguu tu. Kisha giza. Watu ishirini na sita wakala kuku wangu wakaenda zao bila jina.

Hicho ni kisanduku cha tatu cha intaneti kufa tangu Januari! Na kazi yako si ndiyo hiyo? Uliniambia ndani yake kuna kidude cha kutoa mwanga, kidogo kuliko punje ya wimbi, na mwanga huo husafiri ndani ya uzi wa glasi. Ukasema huko mnaviweka vidude hivyo kwenye tanuri na kuvisukumia stima nyingi, wiki baada ya wiki, mjue kipi kitavumilia na kipi kitakufa. Unalipwa kuvichoma. Mbona cha nyanya yako hakivumilii hata Kiogoro, mahali pa baridi?

Fundi Fred alipokuja kutoka mjini hakugusa waya. Aliinua kitambaa changu cha kufuma kilichofunika kisanduku, akacheka.

"Magokoro, nyanya yetu, mbona umekivalisha sweta?"

"Na wewe mbona umevaa suruali inayoanguka?" nikamjibu.

Lakini alinieleza kwa adabu baadaye. Kidude kikipata joto mwanga wake hufifia. Basi kinavuta stima zaidi ili mwanga urudi, na kwa kuvuta kinazidi kupata joto, hadi kinajimaliza chenyewe. Joto limekosa mlango. Hilo ningekuambia bila kupanda ndege. Umesahau gunia la majani ya chai ulilolishindilia kwa miguu ukidhani unanisaidia? Yaliungua katikati, yakawa mekundu, karani akayarudisha yote mbele ya watu.

Huku kila kitu cha maana hufunikwa: redio, viti, televisheni. Nyinyi mnapima kwa tanuri, lakini kuna hata mmoja wenu aliyekiweka juu ya kabati, chini ya mabati, saa nane mchana, kimefunikwa kitambaa? Mwambie mkubwa wako. Mwambie ni mimi niliyesema.

Kisanduku kipya, Fred anasema, ni mwezi ujao. Na serikali ya huko inataka jina kabla mtoto hajamaliza miezi mitatu, naye ana miwili na nusu. Ukanipigia kwa simu yangu ya kubonyeza ukasema, "Nyanya, taja lolote niandike." Lolote! Nilikukatia simu kwa sababu hiyo. Nililia pia, lakini hilo halikuhusu.

Nilitaka kumwita nikimwona uso. Imeshindikana, na kosa moja ni langu. Kitambaa kilichokuwa juu siku ile kilikuwa kipya. Nilikifuma wiki tatu, uzi mara mbili, kizito, ili kisanduku kipendeze siku ya mtoto.

Basi barua hii anaibeba Manasseh wa jirani, anasafiri kuja huko Jumatano. Mtoto ni Nyanchoka. Ni jina la mama yako, Duke, aliyekuacha mikononi mwangu ukiwa hujaota jino. Mghoi, mwite wewe kwa sauti, akiwa macho. Akigeuka, niambie. Asipogeuka, mwite tena.

Ami yako Bosire anawasalimu, na Nyaboke, ambaye mkono umemuuma. Mungu awafunike nyote watatu kwa mkono wake.

Kitambaa nimekifua, nimekipiga pasi, kimo ndani ya mfuko wa Manasseh. Mfunikeni Nyanchoka. Huko ni baridi, na yeye joto halitamdhuru.

Nyanya yenu, ninayewapenda hata nikifoka,
Nyakerario
(nimeweka kidole gumba mwenyewe)