Mdogo Wangu Nimemwandika kwa Walio Hai na kwa Marehemu, na Foleni Imekwama

Mshauri wangu, Mama Ruxandra,

Niokoe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na tafadhali jina langu usilitaje redioni, maana milimani kwetu hata mbwa wananijua. Nina miaka hamsini na tatu, shule niliishia darasa la nane, namcha Mungu, Jumatano na Ijumaa sigusi nyama wala maziwa, na kwa miaka kumi na mmoja niliuza mishumaa langoni kwa watawa, mpaka Mama Mkuu Evlampia alipoleta kompyuta akaniambia, "Wewe una subira, utailinda hii."

Kazi yenyewe ni hivi: watu wetu walioko Italia na Hispania wanatuma kwa simu orodha za majina ya kuombewa, safu moja ya walio hai na nyingine ya marehemu, kila orodha ni ujumbe mmoja, jumbe zinapanga foleni ndani ya mashine, programu inachukua ulio mbele, inaukagua, inauchapisha, Padri Ilarion anausoma altareni, kisha unaofuata. Mimi natazama tu idadi ya zinazosubiri. Kwa kawaida ni tatu, nne. Nikiona kumi nafanya ishara ya msalaba.

Sasa ni elfu sita mia nne na kumi na mbili, na Jumamosi hii ndiyo Jumamosi ya Marehemu, siku ya kuwaombea wafu wote.

Foleni imesimama tangu Jumapili. Nimefanya yote niliyofundishwa, nilizima nikawasha, nikanyunyiza maji ya baraka (nje tu, ndani fundi alikataza), nikampigia fundi mwenyewe, Liviu, kule mjini Suceava, akasema, "Mama, ongeza programu ya pili isaidiane na ya kwanza," nikaongeza, nayo ikaushika ujumbe uleule wa mbele, ikaanguka, ujumbe ukarudi mbele, ya kwanza ikauchukua tena, ikaanguka nayo, na hivyo ndivyo zinavyopokezana mpaka leo. "Basi kuna ujumbe mmoja mbovu hapo mbele," Liviu akasema. "Ufungue uone ni wa nani." Nikamwambia miwani yangu imevunjika. Mungu anisamehe, ilikuwa puani.

Kwa sababu, mshauri, ujumbe ule ni wangu.

Mama yetu tulimzika vuli iliyopita, na kando yake imebaki nafasi ya kaburi moja tu, na mimi ndiye niliyemwuguza miaka sita, nikamwogesha, nikamlisha kwa kijiko, huku mdogo wangu Zenovia akija Krismasi na Pasaka na keki mkononi. Mwezi uliopita nimekwenda kumwashia mama mshumaa, nakuta kwenye msalaba wake pamechongwa jina la Zenovia, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na pengo la mwaka wa kufa! Nikampigia palepale makaburini.

"Zenovia, umekufa?"

"Bado, dada. Lakini mwenye kuwahi ndiye mwenye nafasi."

Nikasema moyoni, kama ana haraka hivyo, acha nimsukume. Jumapili nikakaa kazini, nikafungua orodha ya ukoo aliyoitunga mama mwenyewe, nikamwandika Zenovia kwenye safu ya marehemu, maana wazee wetu wanasema aliye hai akisomwa pamoja na wafu hamalizi mwaka. Ila kwenye safu ya walio hai, alikoandikwa na mama, sikumfuta. Kidole kilikataa, nikaituma hivyohivyo. Basi programu imekuta mtu mmoja huyohuyo yu hai na amekufa, imeshindwa kuamua, na mimi nimeshindwa pia.

Mama Mkuu amesema kama foleni haijatembea, Ijumaa saa sita Liviu atakuja aifute yote tuanze upya. Na jana amekuja mama Saveta, ambaye mwanawe Gavril alizama mtoni akisafirisha magogo, ameshuka mlima mzima na fimbo yake. "Binti yangu alimtuma Gavril kutoka Hispania," akasema. "Amefika wa ngapi?"

"Amekaribia, mama," nikamjibu.

Ni wa pili. Yuko nyuma yangu.

Nikiutoa ujumbe wangu, mashine inaweka kumbukumbu ya aliyeutoa na kilichoandikwa ndani, na Mama Mkuu husoma kila kitu. Nikinyamaza, foleni itafutwa pamoja na dhambi yangu na hakuna atakayejua. Nifanyeje?

Mwenye aibu

*

Dada yangu mwenye aibu,

Majina nimeyabadilisha, lakini mlinda foleni aliyekuwa muuza mishumaa, sidhani kama nchi hii ina wawili. Leo ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, na kama nawajua watawa, redio ya jikoni iko wazi. Kwa hiyo hilo la kutojulikana tuliache.

Pole. Tena uone aibu. Nakupa vyote viwili, kila kimoja kina mahali pake. Aliyeuguza miaka sita ana haki ya kukasirika, na suala la kaburi lipeleke kwa padri na wazee wa kijiji. Lakini watu elfu sita mia nne na kumi na mmoja walikukosea nini? Unataka kumwaga chungu kizima ili asionekane nzi wako mmoja? Na usiilaumu mashine. Imefanya kazi yake kwa uaminifu kuliko wewe.

Nimemwuliza mpwa wangu, anayelinda foleni kama hizo huko mjini Iași. Anasema simamisha kwanza programu zote mbili. Toa ujumbe wa mbele peke yake, usiufute, uweke kwenye foleni ya kando. Washa programu moja, mtazame Gavril akipita kwa macho yako, na miwani uivae. Akishapita, ndipo uwashe ya pili, maana sasa itasaidia kweli. Midomo miwili haisaidii kitu juu ya mfupa mmoja. Mpaka kesho orodha zote zitakuwa zimechapishwa, na Padri atafute wa kupokezana naye kusoma. Liviu akija, aiwekee mashine kanuni: ujumbe ukishindikana mara tatu, ujiweke kando wenyewe.

Kwa Mama Mkuu nenda kabla hajasoma. Anayejileta hatazamwi kama aliyeletwa.

Sasa Zenovia. Umeniambia kidole kilikataa, na hapo nimekupenda. Mpigie leo, umwambie ulichofanya. Atakutukana, sikiliza mpaka amalize. Halafu mwulize jambo ambalo pale makaburini hukuuliza. Najua kwetu watu huchonga majina mapema, lakini wanachonga wakiwa na miaka themanini. Mdogo wako ana miaka mingapi, hamsini? Mwulize ni nini kimemfanya awahi, au daktari amemwambia nini. Akikujibu, liandike jina lake upya, safu moja tu, ya walio hai, na ulipeleke kwa Padri Ilarion kwa mkono wako mwenyewe.