Mawingu Hayakupanda

Kituo cha Hali ya Hewa,
Rasi ya Belukhin,
Bahari ya Kara.
4 Oktoba 2011

Mpendwa wifi yangu Antonina,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye barafu. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, anakula? Mpikie uji wa shayiri, huo hajawahi kuukataa hata akiwa na huzuni. Mimi mwili ni mzima. Barua hii Savely, fundi wetu wa mitambo, ataituma kwa setilaiti, nao wa posta watakuchapia. Tafadhali isome wewe kwanza, kisha umsomee Mama polepole.

Mama aliomba kaka yako Rodion aletwe nyumbani, azikwe kando ya baba yake. Nilimwahidi. Wifi, nimeshindwa.

Moyo wake uliposimama akiwa anapasua kuni, tulimlaza katika ghala la baridi, tukingoja helikopta ya mwisho kabla ya miezi ya giza. Kila asubuhi utabiri ulikuwa uleule: upepo mkali, mawingu yamefunika anga lote. Na utabiri huo hutengenezwa kwa vipimo vyangu mwenyewe. Natoka, natazama, nawatumia mjini, nao wananirudishia habari ninayoijua tayari.

Juzi rubani Ruslan aliita kwa redio kutoka kituo cha jirani. Ni mtu mwema, kila akitua alikuwa anakula samaki aliowakausha mume wangu.

"Mama Taisia, mafuta ninayo, nafasi ninayo. Nipe mawingu yaliyopanda mita mia mbili tu toka ardhini, nakuja kumchukua mzee."

"Ngoja niangalie."

"Angalia kwa jicho zuri, mama. Nikiondoka leo, ndiyo mpaka barafu iyeyuke."

Nikatoka. Nyuma ya kituo kuna kilima ambacho Rodion alikiwekea mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, tupime mawingu kwa macho. Jiwe la juu halikuonekana. La kati halikuonekana. La chini lilikuwa linatokea na kupotea.

Savely alikuwa amesimama mlangoni. "Sema mia mbili," akaninong'oneza. "Huyo kijana anajua kuruka. Nani atakulaumu?"

Nilikishika kile kipaza sauti, wifi, na neno lilikuwa limefika mdomoni. Nikamkumbuka kaka yako, jinsi alivyokuwa akitoka nje mara ya pili kutazama tena, kichwa wazi, kwa ajili ya mtu asiyemjua aliye angani.

"Themanini," nikasema.

"Themanini kweli?"

"Kweli, mwanangu. Usije."

"Basi nisamehe, mama."

Kumweka mpaka meli ije hatukuweza. Dubu alikuwa ameanza kukwaruza mlango wa ghala. Jana tukamzika hapa rasini. Ardhi ilikuwa ngumu, tukawasha moto juu yake ndipo ikachimbika, na jeneza Savely alilichonga kwa magogo yaliyoletwa na bahari. Juu tumepanga mawe mazito.

Nilimvika lile sweta la kijani alilofuma Mama, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Hakukubali kamwe niurekebishe, alikuwa anaukunja tu. Nimeukunja vilevile.

Savely alivua kofia akasema, "Haya, bosi, pumzika. Kelele za upepo sasa ni zamu yetu." Hatukuwa na padri wala maneno mengine.

Mama akiuliza, usimfiche. Mwambie mawingu hayakupanda, na aliyemzuia rubani ni mimi. Akikasirika, anikasirikie. Meli ikifika nitakuja nimwinamie mwenyewe.

Unakumbuka Rodion alivyousoma utabiri mezani, hata akiwa likizo kwenu? "Upepo, mawingu, na mke mkali." Na wewe ulikuwa unamrushia kitambaa cha vyombo.

Jana jioni Savely ndiye aliyesoma. "Upepo," akasema. "Mawingu." Akawa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Nikamalizia mwenyewe: "Na mke mkali."

Sasa saa yangu ya kutazama imefika, lazima nitoke. Nisalimie Fedot na watoto, na umbusu Mama mikono yote miwili. Mungu awape joto nyumba nzima.

Mimi wifi yako, nikupendaye kama zamani,
Taisia