Ndovu Ambaye Sikumgeuza

Shemeji Mulwa,

Salamu zako nilizipata kwa dada yako Ndinda, nami sikuzirudisha. Ndinda amekuombea mara tatu tangu mwezi huu uanze. Mara ya tatu aliniambia kwamba mtu asiyetaka kuzungumza na shemeji yake angalau amwandikie. Basi nakuandikia. Na kwa kuwa ulilonitendea ulilitenda mbele ya watu, nakuandikia mbele ya watu. Anayetaka kusoma na asome.

Wasiotujua nitawaeleza kwanza. Miaka ile ya tisini tuliishi Makadara, vyumba vyetu vikipakana, hata ukikohoa mimi nilijua umeanza mafua. Wewe ulikuwa mchongaji, unachonga simba na twiga wa kuuzia watalii. Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Njoroge, aliyesimama upande wangu siku nilipomwoa dada yako, alikuwa fundi wa mabati. Siku moja nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kijitabu cha kanuni za mchezo wa vita vya mezani. Majeshi ni vinyago vidogo vya madini ya risasi, yanatembea kwa inchi, yanapiga kwa inchi, na dadu ndiyo inayoamua nani afe. Nilikitafsiri chote saa za chakula cha mchana. Kanuni tukawa nazo, askari hatukuwa nao.

Unakumbuka ulivyonijibu nilipokuomba utuchongee? "Askari siwezi. Kila nikichonga mtu anatoka na sura ya mtalii. Nitawachongea wanyama."

Ukatuchongea. Wiki baada ya wiki ulileta mfukoni vipande vya mti wa muhugu vilivyobaki kazini, kila kimoja kimekuwa nyati au kifaru au tandala, na hakuna wawili waliofanana. Ulifuata mpindo wa mbao. Mbao ikijikunja, mnyama naye alijikunja. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, na bado sijaona mikono kama yako. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nakupenda.

Shida ilianzia kwenye uzuri huo huo. Kijitabu kilidhani kila askari anasimama juu ya kitako cha duara, vyote sawa, nawe unapima kutoka ukingo wa kitako hadi ukingo wa kitako. Wanyama wako hawakuwa na vitako. Walisimama kwa miguu yao, mkonga huku, mkia kule, pembe zimetangulia nusu inchi mbele ya mwenyewe. Tunaanzia kupima wapi?

Jumapili moja baada ya kanisa, juu ya ule mlango mbovu tuliokuwa tumeutandika kwenye mapipa uwe meza yetu, Njoroge alimficha tandala wake nyuma ya kilima cha mchanga. Pembe zikachungulia. Ukampiga. Njoroge akasema pembe si mnyama. Ukamuuliza kama yuko tayari basi tumkate masikio, maana masikio si Njoroge. Watu wakacheka mpaka majirani wakatoka kuja kuona. Tulibishana alasiri nzima. Dada yako alileta chai, akairudisha ikiwa imepoa, akatuambia kwamba watoto wa nasari wana akili kutushinda.

Ni wewe uliyeumaliza ubishi ule. Ulichukua msumari, ukaupigilia kwenye kipande cha ubao, ncha ikiangalia juu, ukamweka tandala tumbo juu ya ncha hiyo. Akaanguka. Ukamsogeza kidogo, akaanguka. Ukamsogeza tena, akatulia peke yake, pembe upande mmoja na matako upande mwingine, akitikisika polepole kama mizani. "Hapa ndipo kitovu chake," ukasema. "Mbao haipendelei mtu."

Siku hiyo nilikupenda kama ndugu wa tumbo moja. Tukakubaliana. Kila mnyama angewekwa juu ya msumari mbele ya wote. Anapotulia, atobolewe tundu dogo tumboni, na juu yake mgongoni apakwe doa jeupe. Tungepima kutoka doa hadi doa, basi, pembe iwe ndefu au fupi. Mkaniteua mwamuzi kwa kuwa nilizoea kukaa kati ya watu wanaobishana. Nikaandika kwenye daftari jeusi kanuni mbili za nyongeza. Ya kwanza: mwenye shaka aombe mnyama ageuzwe, na mwamuzi atamgeuza. Ya pili: anayemshtaki mwenzake kwa uongo ataondoka mezani hadi aombe radhi. Wewe ulitia sahihi, Njoroge akatia, nami nikatia.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyeomba mnyama ageuzwe. Tulikuwa na aibu za kiungwana.

Sasa nakuja kwa ndovu.

Ulimchonga mwaka ule wa nne, mkubwa kuliko wote, mkonga umenyooshwa mbele kama anayeomba kitu. Tulimweka juu ya msumari mbele yako, akatulia, akatobolewa, akapakwa doa. Ukaenda naye nyumbani. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wameshafunga mizigo ya kwenda kwao, ukakutana na Njoroge katika vita vya kufunga mwaka. Ndovu kanuni ilimruhusu kushambulia inchi nane, si zaidi. Nilipima kwa utepe wa cherehani wa mke wa Njoroge, kutoka doa la ndovu hadi doa la nyati wake wa mwisho. Inchi saba na nusu. Ulikuwa umefika.

Njoroge hakukunja uso. Aliinama akamtazama ndovu kwa pembeni, kama anavyotazama bati kabla ya kulikata.

"Huyu ndovu amehamisha kitovu," akasema.

Ukacheka wa kwanza. Ukawaambia watu kwamba mzee wa mabati amezoea kukunja, akikosa bati anakunja maneno. Wakacheka nao.

"Mgeuze tu, karani," Njoroge akaniambia. Alisema taratibu. "Umgeuze, na kama nimedanganya nitajitoa mwenyewe."

Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Kanuni niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu. Nilinyoosha mkono, nikafika nusu ya njia. Hapo ndipo ulipoinama sikioni kwangu, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

"Shemeji, ukimgeuza huyu ndovu umenigeuza mimi."

Nikarudisha mkono.

Nimejieleza mara nyingi tangu siku ile, usiku na mchana. Kwamba Njoroge ni mtu wa kwetu Murang'a, na ningemgeuza ndovu ningeonekana nampendelea. Kwamba mtu hamvui nguo ndugu wa mkewe mbele ya majirani. Kwamba ilikuwa Krismasi. Yote hayo ni maelezo, na mahakamani niliona maelezo mazuri kuliko hayo yakitupwa. Nikatamka kwamba kipimo kimesimama na mnyama hageuzwi.

"Basi andika kwamba nimesema uongo," Njoroge akasema. Akangoja. Hakuondoka mpaka aliponiona naandika. Kisha akaukunja utepe wa mke wake, akautia mfukoni, akaenda zake. Hakuomba radhi, kwa hiyo hakurudi mezani. Mwaka uliofuata tulipomzika mama yangu alikuja, akasimama nyuma ya watu wote, akaondoka bila kuonja chakula. Na wewe ulikuwepo pale, Mulwa. Ulimwona akienda. Ulikuwa unakula.

Baadaye maisha yalitutawanya. Ulirudi Ukambani. Asubuhi ya kuondoka ulituachia ndovu, umemviringisha kwa gazeti, ukamwambia dada yako, "Mtunzieni." Sisi nyumba zile zilipobomolewa tulihama, tukahama tena, na tena. Sasa niko kwa mwanangu huku Ruiru, mahali ambapo jirani hajui jina langu wala mimi sijui lake. Katika nyumba zote hizo ndovu alikaa rafu ya juu. Kila Jumamosi nilimfuta vumbi mgongoni. Vumbi la miaka zaidi ya ishirini nimelifuta juu ya doa lile jeupe, na sikumgeuza hata mara moja.

Mwezi uliopita Ndinda alimhamishia dirishani, jua linapoingia. Jioni nikaona unga chini yake. Nikadhani ni wadudu wanaotoboa mbao. Nikavaa miwani, nikamgeuza.

Matundu mawili. Moja mbele, wazi, sawasawa na doa, ambalo nalo ulilifuta ukalipaka upya huko mbele. La pili nyuma yake kidogo, ulikuwa umeliziba kwa gundi na unga wa muhugu huo huo, rangi ile ile, kazi safi ambayo hata mchongaji mwenzako asingeiona. Jua ndilo lililoikausha gundi mpaka kizibo kikatoka. Nilitafuta msumari na kipande cha ubao. Nikamweka kwa tundu la mbele, akaangukia mkonga. Nikamweka kwa tundu la nyuma, akatulia. Nikapima kati ya matundu: inchi moja na robo. Ongeza kwa zile saba na nusu. Usingefika, Mulwa. Ulihitaji nane, ulikuwa kwenye nane na robo tatu.

Huo ndio urefu wa wizi wako. Kwa kipande kidogo kuliko kidole gumba ulinichukulia rafiki, ukafanya mkono wangu uandike uongo na kuutia sahihi. Na hukuiba kwa njaa. Uliiba ili ushinde mchezo wa vinyago kwenye mlango mbovu.

Dada yako, ambaye moyo wake ni mpana kuliko wangu, anasema huenda ulituachia ndovu makusudi, ili siku moja nione. Nimelipima hilo pia. Kumwachia mtu ushahidi ndani ya gazeti si kuungama. Ulijua sitamgeuza. Ulinijua vizuri, na ulinitumia kama ulivyonijua. Kosa langu nalibeba mwenyewe, lakini usijifiche nyuma yake kama tandala nyuma ya mchanga. Pembe zako zinaonekana.

Jumanne iliyopita nilikwenda Eastleigh, kwenye kibanda cha Njoroge. Amezeeka. Vidole vimejaa makovu ya bati. Alikuwa anakunja ukingo wa sanduku, akaniona, akamaliza kukunja kwanza.

"Niaje, karani," akasema, kana kwamba tuliachana juzi.

Nikamweka ndovu mbele yake, chali. Nilitaka aone matundu. Hakuyatazama. Nikaanza kueleza habari za gundi, za jua, za inchi moja na robo, naye akaninyamazisha kwa kiganja.

"Hata ungempata na tundu moja, mimi ningeridhika," akasema. "Kushinda sikuwa na haja nako. Nilitaka umgeuze."

Nikamwomba radhi. Nilizoea kuyatamka maneno hayo kwa niaba ya wengine, sikujua ni mazito hivyo. Akaokota msumari kwenye kopo lake, akamsimamisha ndovu juu yake kwa tundu la nyuma. Tukamtazama wote wawili akitikisika. Kisha akauliza kama daftari bado ninalo. Nilikuwa nimelibeba. Nikalifungua kwenye ukurasa ule, nikatoa kalamu ili niufute.

"Usifute," akasema. "Watu wasome ulivyoandika. Andika chini yake."

Nikaandika chini yake: Njoroge alisema kweli. Mwamuzi hakumgeuza ndovu. Nikatia sahihi.

Sasa kuhusu hiyo haja yako. Mwezi wa kumi na mbili binti yetu anaolewa, na wewe ndiye mjomba. Unataka kujua kama kiti chako mezani kipo. Kipo. Dada yako ameshakitenga, na mimi sitakiondoa. Lakini kanuni ya pili uliitia sahihi kama sisi, na ukimwacha mwenzako aitwe mwongo ukijua kwamba ni wewe, haina tofauti na kumshtaki kwa uongo: mtu wa namna hiyo haketi mezani hadi aombe radhi.

Nimemwomba Njoroge asimame mlangoni siku hiyo kupokea wageni, naye amekubali. Ukifika usinitafute mimi, usimtafute dada yako. Utamkuta yeye. Nyuma yake utaiona meza, na juu ya meza ndovu wako amelazwa chali, tumbo limeangalia juu, ili kila anayepita amwone.

Ni mimi,
Mume wa dada yako