Ini la Mzee wa Kanisa

Jumatatu, 3 Juni

Nimekamua ng'ombe. Ukungu mpaka mlangoni, migomba haionekani. Baba Neema hakugusa uji. Amekaa na mkono tumboni, anacheua, anasema ni gesi. Gesi gani hiyo, tangu Pasaka? Jana alitembelea kaya tano za jumuiya na kila kaya ilimfungulia soda. Mzee wa kanisa hapewi mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kwa hiyo anapewa soda, na anaimaliza. Nikimwambia apunguze ananijibu kwamba ukikataa cha mwenyeji umemkataa mwenyeji. Miaka kumi na minane ni mzee wa kanisa, na jibu ni hilo hilo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemburuta hospitali. Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, najua kumburuta mtu asiyetaka. Daktari ni binti wa rika la Neema wetu, alitupa shikamoo zetu kabla ya kukaa. Akampaka tumboni kitu cha baridi kama uji uliolala, akapitisha kile kifaa cha ultrasaundi, na kwenye kioo nikaliona ini la mume wangu.

Sijui nilitegemea nini. Miaka thelathini na minne ya ndoa, nimefua mashati yake yote, sikuwahi kufikiri kwamba humo ndani kuna kitu cha kutazamwa. Lilikuwa jeupe, linang'aa. Nilitaka kusema ni zuri. Daktari akasema huko kung'aa ndio ugonjwa. Ni mafuta. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mzee anatumia kilevi.

Akasema hajawahi. Akaulizwa tena. Hajawahi. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

Wiki ijayo tumbo litaangaliwa kwa kamera.

Ijumaa, 7 Juni

Alipokwenda kukata majani ya ng'ombe nilipekua. Koti la Jumapili, mifuko yote minne. Nikalinusa. Sabuni, na pipi za kifua. Stoo nikakuta chupa nyuma ya magunia, nikafungua. Mafuta ya taa. Nilikaa juu ya gunia nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha.

Baba yake aliuawa na pombe. Upande huu wote wa mlima wanajua. Walimkuta alfajiri mferejini, uso chini. Baba Neema alikuwa na miaka kumi na tisa, akaapa kaburini kwamba tone halitapita mdomoni mwake. Nimeolewa na mtu wa kiapo hicho. Na bado nimenusa koti.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekosea. Bombani Mama Elia, jirani yetu wa chini, aliniuliza hali ya mgonjwa. Nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Nikasema ni ini. Nikasema daktari aliuliza mara mbili. Nikasema, mimi sijui. Akaniambia pole, akajitwisha ndoo ikiwa nusu. Mtu hajitwishi ndoo nusu kama hana haraka ya kufika mahali.

Jumatano, 12 Juni

Mchungaji amekuja. Walisimama na Baba Neema kwenye shamba la kahawa, muda mrefu, mchungaji akivunjavunja kijiti. Maneno yamefika kanisani, tena yameongezewa chumvi. Mzee anakunywa kwa siri, ini limeoza. Hatashika kapu la sadaka wala kusaidia kwenye Chakula cha Bwana mpaka baraza la wazee likae, Jumapili tarehe 23. Wakiamini, watamvua uzee wa kanisa.

Aliingia akaketi. Hakuuliza ni nani aliyesema. Alitazama mikono yake mpaka chai ikapoa. Mtoto wa yule mlevi wa mferejini, ndivyo watakavyosema sasa, na hilo ndilo jambo moja ambalo maisha yake yote amelikimbia. Mimi ndiye niliyemrudisha huko. Najichukia.

Ijumaa, 14 Juni

Siku kubwa. Niandike yote kabla sijasahau.

Amemeza mpira wenye kamera. Kwenye kioo tumbo lake jekundu, limevimba, na vidonda viwili. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikata kinyama kidogo kuliko punje ya mtama, akakiweka kwenye kijikaratasi chenye kitu cha njano kama ute wa bamia. Akaniambia, mama, tazama hapa.

Nikatazama. Njano. Baba Neema alikuwa bado anafunga vifungo vya shati wakati pembeni ya ile punje palianza kuwa pinki. Halafu pinki ikatambaa. Hakuna aliyekigusa. Nilisikia nywele za shingoni zikisimama, kama mtoto wa darasa langu aliyeona sumaku kwa mara ya kwanza.

Ni bakteria. Daktari alitueleza polepole. Tumbo lina asidi inayoyeyusha nyama, na hicho kiumbe kinaishi mle mle. Kinajitengenezea magadi yake, kinaipooza asidi iliyo karibu nacho, kinakaa. Hayo magadi ndiyo yanayogeuza rangi. Watu wengi wanacho tangu utotoni, hupita mdomo kwa mdomo ndani ya nyumba. Baba Neema, koo bado limekwaruzika, akasema mama yake alimtafunia ndizi. Sisi wote tulitafuniwa. Mimi nilimtafunia Neema. Kumbe mapenzi ya mama mkwe yalikuja na mgeni, na mgeni huyo ameishi humo miaka sitini bila kubisha hodi. Nilishindwa hata kukasirika. Mungu ametuumba na vyumba ambavyo hata wenyewe hatuvijui.

Nikauliza kuhusu ini. Daktari hakunidanganya. Akasema wapo watafiti wanaoona kwamba watu wenye bakteria huyu hupata mafuta kwenye ini zaidi ya wengine. Wanashuku ule uvimbe wa miaka mingi tumboni unauharibia mwili namna ya kutumia sukari, mafuta yanajilundika. Wapo wengine waliotafuta wasione uhusiano. Bado haijathibitishwa. Bakteria tutamuua kwa sababu ya vidonda, ini tusiliahidi kitu.

Kisha akauliza tena, Baba anakunywa nini? Safari hii sikutazama sakafu. Nikasema soda. Ngapi? Siku za kazi mbili au tatu, Jumapili tano, sita msiba ukiwepo. Akaweka kalamu chini. Akasema ini linaigeuza sukari hiyo kuwa mafuta, na mtu anaweza kupata ini la namna hii bila kuonja pombe maisha yake yote.

Baba Neema alifumba macho. Mtu aliyekimbia mbege ya baba yake miaka yote hiyo, tukamngoja kwenye kila mlango na chupa ya sukari. Na tuliiita heshima.

Jumanne, 18 Juni

Dawa siku ya nne. Antibiotiki mbili na ya kupunguza asidi, asubuhi na jioni. Anasema kila kitu kina ladha ya msumari. Hata loshoro, mahindi na maziwa mgando anayoyapenda. Anameza bila kunung'unika. Mimi ndiye ninayenung'unika. Mara tatu leo nimefungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaongea habari za ng'ombe.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemwambia. Alikuwa ananoa panga. Nikasema maneno yalitoka kwangu, kule bombani, na kabla ya hapo nililipekua koti lako. Aliendelea kunoa.

"Nilijua, Mama Neema," akasema. "Uliiacha mifuko imegeuka nje."

Basi. Siku kumi na tano alikuwa anajua, na alikuwa anakunywa chai yangu. Ningependa angepiga kelele. Nimelia kwenye banda la ng'ombe, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumapili, 23 Juni

Baraza lilikaa baada ya ibada. Sikuitwa. Nikagonga nikaingia. Wazee tisa na mchungaji, na mume wangu kwenye kiti cha peke yake karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni.

Nikasema aliyeanzisha maneno ni mimi. Nikasema nilishuku bila kuona, nikanena bila kujua. Nikawaeleza ile punje na ule upinki, lile ini linalong'aa, ule mlolongo wa soda. Nikawauliza ni nani humo ndani ambaye hajawahi kumfungulia Baba Neema chupa. Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, akasema, "Mwalimu, kwa hiyo tuliyemkaribisha sana ndiye tuliyemuumiza?" Nikasema hata mimi, Mzee, na zaidi.

Mchungaji akamuuliza Baba Neema kama ana neno. Akasema hana, anaomba tu wakimtembelea wampe maji. Wamemwacha kwenye uzee wake. Mama Elia alikuwa nje, ameshika kanga yake kwa mikono miwili. Alisema pole. Nikamwambia pole yako nimeipokea, na mimi nina yangu.

Jumatatu, 1 Julai

Baridi. Dawa zimekwisha. Nimepima na mimi, choo kwenye kikopo, mwalimu mzima. Ninaye bakteria yule yule. Kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayelamba msumari. Baba Neema ananiletea vidonge na maji, anasimama mpaka nimeze, kama mimi nilivyosimama. Nafikiria mtu mmoja mmoja kwenye mstari wa Chakula cha Bwana, kila mmoja na mgeni wake wa zamani tumboni, wanaimba.

Ijumaa, 13 Septemba

Kipimo kimerudi. Bakteria hayupo, kwake wala kwangu. Ultrasaundi pia imerudiwa. Ini bado lina mafuta, ila mng'ao umepungua kidogo. Daktari hataki kusema ni dawa, ni maji, au ni ile njia ya Nkoaranga anayoipanda kwa miguu kila asubuhi. Akasema endeleeni. Nilimwomba nitazame kioo tena. Nikatazama kwa muda.

Jumapili, 15 Septemba

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Elia. Akaleta sinia la soda, na katikati glasi moja ya maji, akaiweka mbele ya Baba Neema kabla hajasema lolote. Akanywa yote. Wakaendelea na wimbo.

Kurudi, mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Akasema ana njaa. Nikapika ndizi na nyama, akala, akaongeza.

Nilipokwenda kuhifadhi koti lake nimelikuta kwenye msumari, mifuko yote minne ameigeuza nje, kama nilivyoiacha mimi siku ile. Yeye alikuwa uani, anampa ng'ombe majani, hakugeuka. Nimeirudisha ndani, mmoja mmoja.